Kambi, koo na moyo: historia ya bakteria wa mnyororo

Hapa tumezoea kusoma historia ya vita, mipaka na viongozi. Leo naomba tusome historia ya kitu kisichoonekana kwa macho, lakini kimejaza makaburi kuliko vita vingi tunavyovijua. Kinaitwa streptokoko. Wengi hapa wamekutana nacho bila kukijua jina, kwa sababu kinaanza kama jambo dogo tu, koo linauma.

Kwa nini nimechagua hicho? Kwa sababu ukifuata historia yake unakuta neno moja linarudi: kambi. Kiswahili chetu kinatumia neno hilo hilo kwa kambi ya jeshi na kambi ya wakimbizi, na kwa huyu bakteria kweli hakuna tofauti. Anachotaka yeye ni watu wengi, nafasi ndogo, pumzi zinazokutana. Mengi ambayo madaktari wanayajua leo juu ya kumzuia yalipatikana kwenye vyumba vya watu waliolala wamebanana. Ndiyo maana nasema historia hii ni yetu pia, hata kama majina yaliyomo ni ya Vienna, London na Wyoming.

JINA NA UKOO WAKE

Mwaka 1874 daktari wa upasuaji Theodor Billroth, aliyekuwa anafanya kazi Vienna, Austria, aliandika juu ya vidoti vya mviringo alivyoviona kwa hadubini kwenye vidonda vilivyooza. Vidoti vile vilikuwa vimeungana kama shanga kwenye uzi. Akavipa jina la Kigiriki: streptos ni kitu kilichosokotwa kama mnyororo, kokkos ni punje. Basi streptokoko ni punje za mnyororo.

Ukoo wake ni mkubwa. Wapo wanaoishi mdomoni na tumboni mwetu bila kutusumbua sana. Yupo anayeitwa pneumokoko, analeta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Yupo wa kundi B, ambaye anaweza kumuua mtoto mchanga katika siku zake za kwanza. Lakini ninayemzungumzia leo ni wa kundi A. Huyo ndiye analeta mafindofindo yenye usaha, vidonda vya ngozi vyenye maganda ya rangi ya asali kwenye nyuso na miguu ya watoto, homa yenye vipele vyekundu mwili mzima, na homa ya uzazi kwa mama aliyetoka kujifungua. Mara chache analeta ugonjwa wa kutisha ambapo nyama ya mwili inaoza ndani ya siku chache. Na baada ya yote hayo kuisha, anaweza kuacha nyuma ugonjwa wa figo au wa moyo.

Jambo moja tulishike mapema. Nyumba ya huyu bakteria ni binadamu. Haletwi na mbu wala na kinyesi kwenye maji ya mto. Kwa kawaida anatoka kwa mtu anakwenda kwa mtu, kwa pumzi, kwa mate, kwa mikono, kwa kidonda.

WODI MBILI ZA VIENNA

Miaka 27 kabla Billroth hajampa jina, huyu bakteria alikuwa tayari anaua akina mama katika mji ule ule. Hospitali kuu ya Vienna ilikuwa na wodi mbili za uzazi. Ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, ya pili ilikuwa ya wakunga. Mwaka 1846, katika wodi ya kwanza, walikufa zaidi ya akina mama 11 kati ya kila 100. Katika wodi ya wakunga walikufa chini ya 3. Hospitali moja, chakula kimoja, mji mmoja.

Waliokuwa wanajifungulia pale wengi walikuwa maskini. Nao walijua. Walikuwa wanalia na kuomba wasipelekwe wodi ya kwanza. Wengine walijifungulia barabarani wakiwa njiani, na daktari kijana kutoka Hungaria, Ignaz Semmelweis, aliona ajabu: wale wa barabarani walikuwa wanaugua homa ya uzazi kidogo kuliko waliozalia wodini kwake. Hebu fikiria, barabara ilikuwa salama kuliko hospitali.

Mwanzoni mwa 1847 rafiki yake, daktari Jakob Kolletschka, alichomwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akafa. Mwili wake ulipochunguzwa, ulikuwa na dalili zile zile za akina mama wa wodini. Semmelweis akaunganisha mambo. Madaktari na wanafunzi walikuwa wanatoka kupasua maiti wanaingia moja kwa moja kuzalisha. Mikono yao ndiyo ilikuwa njia. Wakunga hawakupasua maiti, ndiyo maana wodi yao ilikuwa na nafuu.

Katikati ya Mei 1847 akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji yenye klorini. Mwezi Aprili walikuwa wamekufa 18 kati ya 100. Mwezi Julai alikufa mmoja hivi kati ya 100.

Utadhani walimshangilia. Wakubwa wengi walikasirika, kwa sababu maana yake ilikuwa kwamba mikono ya daktari, mtu wa heshima, ndiyo ilileta kifo. Mkataba wake haukuongezwa. Alikufa mwaka 1865 akiwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili, ana miaka 47. Miaka 14 baadaye, mwaka 1879, Louis Pasteur alisimama katika Chuo cha Tiba cha Paris, wakati wakubwa wanabishana juu ya chanzo cha homa ya uzazi, akachora ubaoni punje za mnyororo. Huyu hapa, ndiye anayeua.

Mimi katika habari hii nawakumbuka zaidi wale akina mama. Semmelweis alikuja na hesabu, lakini wao walikuwa wanaijua tayari kabla ya mtu kuwauliza. Wafanyakazi wa mashirika, naomba hapa mtusikilize kidogo: mama akikataa kwenda mahali fulani kujifungua, kabla ya kumwita mbishi, muulize ameona nini.

KAMBI ZA VIJANA WA JESHI

Mwaka 1917 Marekani iliingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Vijana kwa maelfu walikusanywa kwenye kambi za mafunzo. Wengi walitoka mashambani, mahali ambapo watu wanaishi mbalimbali, hawakuwahi hata kupata surua. Walipolazwa pamoja chumba kimoja, surua ikawapiga. Na nyuma ya surua ikaja nimonia ya streptokoko, ambayo ndiyo iliua wengi. Yaani vijana walikufa kwa kukaa pamoja, kabla hawajaiona bahari ya kuvuka kwenda vitani.

Kutoka kambi za Texas, madaktari walituma mikusanyo ya bakteria kwenye Taasisi ya Rockefeller, New York. Mwaka 1918 msichana mmoja wa maabara, Rebecca Lancefield, miaka 23, alikuwa kati ya waliopewa kazi ya kuichambua. Swali lilikuwa, je, streptokoko wote ni kitu kimoja? Aliendelea na swali hilo karibu maisha yake yote. Mwaka 1933 alitoa mpango wa kuwagawa kwa herufi: A, B, C na kuendelea. Unaposikia daktari leo anasema "kundi A", ni kazi ya yule dada.

Wakati ule dawa haikuwepo. Jeshi lilifanya nini? Lilitafuta nafasi. Ulipokuja ugonjwa wa mafua makubwa wa 1918, amri ilitolewa katika kambi nyingi kwamba vitanda vitengane, na askari walale kichwa cha huyu kuelekea miguu ya yule. Sisi tunaita kulala mzungu wa nne. Bibi zetu walifanya hivyo ili watoto watoshe kitandani, kumbe majeshi ya wakubwa nayo yalifanya ili pumzi zisikutane.

DAWA INAKUJA

Mwaka 1932, katika maabara ya kiwanda kimoja Ujerumani, daktari Gerhard Domagk aliona rangi nyekundu ya kutia nguo, iitwayo Prontosil, inaokoa panya waliochomwa sindano ya streptokoko. Alitangaza matokeo mwaka 1935. Mwaka huo huo binti yake mdogo alichomwa na sindano mkononi, streptokoko ikaingia, madaktari wakafikiria kuukata mkono. Baba akampa ile dawa. Mkono ukabaki. Mwaka 1939 Domagk alipewa tuzo ya Nobel, lakini serikali ya Hitler ikamlazimisha aikatae. Alipokea medali mwaka 1947, bila pesa.

London, daktari Leonard Colebrook aliijaribu dawa hiyo katika hospitali ya Queen Charlotte's kwa akina mama wenye homa ya uzazi. Kabla ya hapo, karibu robo ya wagonjwa wa namna hiyo walikuwa wanakufa. Mwaka 1936 aliandika juu ya akina mama 38 wa kwanza aliowatibu: walikufa 3. Kwa mara ya kwanza, kidonge kilikuwa kinamrudisha mama kwa mtoto wake.

Lakini sikilizeni kilichofuata. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la maji la Marekani liliwapa vijana wengi wa kambini dawa ya jamii hiyo kila siku, wazima kwa wagonjwa, ili kuzuia streptokoko. Mwanzoni ilifanya kazi vizuri. Baada ya muda mfupi wakatokea streptokoko wasiojali tena dawa hiyo. Haikuchukua hata miaka miwili. Tukisema tusinunue vidonge viwili vitatu vya antibiotiki kwenye kiduka kila koo likiwasha, si maneno ya kututisha tu. Yalishatokea.

Halafu ikaja penisilini. Machi 1942, New Haven, Marekani, mama mmoja aitwaye Anne Miller alikuwa anakufa kwa streptokoko kwenye damu baada ya mimba kuharibika. Dawa nyingine zote zilishindwa. Akapewa penisilini kidogo iliyokuwepo, homa ikashuka kesho yake. Aliishi mpaka miaka 90. Na hili ni la kushangaza: mpaka leo, zaidi ya miaka 80 baadaye, bado haijathibitishwa kwa mgonjwa hata mmoja streptokoko wa kundi A aliyeishinda penisilini. Bakteria wengine wengi wameizoea, huyu bado. Dawa ya zamani, ya bei ndogo, na bado inamweza.

KOO LINAPONA, MOYO UNABAKI

Sasa tufike kwenye sehemu inayotuhusu zaidi. Mtoto wa miaka 5 mpaka 15 anaumwa koo na homa. Siku nne tano hivi anapona mwenyewe, anarudi kucheza mpira. Wiki mbili tatu baadaye homa inarudi, goti linavimba, kesho yake maumivu yamehamia kwenye kifundo, kesho kutwa kwenye kiwiko. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi. Wengine, hasa wasichana, mikono na uso vinaanza kuchezacheza bila wao kutaka, na hapo ni rahisi mtu kusema mtoto ana mapepo.

Kilichotokea ni hiki. Askari wa mwili walijifunza kumpiga streptokoko, lakini baadhi ya sehemu za bakteria zinafanana na sehemu za mwili wetu. Basi askari wanachanganya, wanapiga viungo, wanapiga moyo. Viungo vinapona bila kovu. Milango ya moyo, ile vali inayofunguka na kufunga damu ipite njia moja, haiponi hivyo. Kila koo jingine la streptokoko linaweza kuongeza kovu. Miaka baadaye kijana anashindwa kupanda mlima na jerikeni, analala ameegemea mito, miguu inavimba. Msichana anagundua ana ugonjwa wa moyo siku akiwa na mimba, wakati moyo unatakiwa kufanya kazi ya watu wawili.

Je, ukiliponya koo, unauokoa moyo? Swali hili lilijibiwa kambini. Katika Vita vya Pili, homa ya baridi yabisi ilikuwa imelaza maelfu ya wanajeshi wa Marekani. Mwaka 1949 maabara ya streptokoko ilifunguliwa kwenye kambi ya jeshi la anga ya Francis E. Warren, Cheyenne, jimbo la Wyoming, chini ya daktari Charles Rammelkamp. Vijana waliokuja na mafindofindo yenye usaha waligawanywa kwa namba zao za jeshi. Namba hizi wanapata sindano ya penisilini, namba zile hawapati. Matokeo yalitoka mwaka 1950. Kati ya 798 waliopata sindano, 2 ndio walipata homa ya baridi yabisi ya uhakika. Kati ya 804 ambao hawakupata, walikuwa 17.

Baadaye watafiti wa kambi ile ile walionyesha kwamba hata ukichelewa mpaka siku ya tisa tangu koo lianze kuuma, penisilini bado inaweza kuzuia ile homa. Siku tisa! Kwa mtu anayekaa mbali na kituo cha afya, hiyo ni habari njema sana. Hujachelewa kwa sababu tu jana ulikuwa foleni ya chakula.

Watafiti walijaribu pia jambo la blanketi. Waliwapa vijana blanketi zilizotumiwa na wagonjwa, zikiwa na streptokoko, wengine wakapewa safi. Waliolalia zile chafu hawakuugua zaidi. Vumbi la chumbani nalo halikuwa na kosa kubwa. Kilicholeta ugonjwa ni umbali wa kitanda chako na kitanda cha mwenye bakteria kooni. Kadiri vitanda vilivyokaribiana, ndivyo walivyougua. Kwa hiyo tusimnyanyapae jirani kwa blanketi yake. Shida ni nafasi.

NAMBA HAZIKUULIZWA

Kuna upande mwingine wa habari ya majaribio ya jeshi, na sisi wakimbizi hatuwezi kuupita kimya. Mwaka 1966 Henry Beecher, daktari wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha makala juu ya majaribio 22 yaliyofanywa kwa watu bila kujali haki zao. Mifano miwili ya mwanzo ilihusu wanajeshi wenye streptokoko ambao hawakupewa penisilini wakati tayari inajulikana kwamba inazuia homa ya baridi yabisi. Juu ya mmoja wa mifano hiyo alisema vijana hawakuambiwa, hawakukubali, hata hawakujua kwamba wako kwenye jaribio. Na 25 walipata ule ugonjwa.

Siandiki hivi ili tuogope utafiti. Elimu ile imeokoa mioyo mingi, na sisi tunaitumia. Naandika kwa sababu sisi pia tuna namba. Namba ya familia, namba ya kadi, namba kwenye mstari. Mtu akija na fomu ya kupima watoto, tuna haki ya kuuliza: ni ya nini, matokeo tutayapata lini, na nikikataa itakuwaje? Mfanyakazi mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Anakaa chini anajibu.

NYUMBA KABLA YA DAWA

Kuna jambo ambalo vitabu vya dawa husahau kulisema. Katika nchi kama Denmark, Uingereza na Marekani, homa ya baridi yabisi ilianza kupungua kabla penisilini haijafika. Sababu zinazotajwa ni maisha: nyumba zilipanuka, watoto hawakulala tena sita kitanda kimoja, chakula kikaongezeka, matibabu yakakaribia. Penisilini ilikuja kumalizia kazi ambayo nyumba zilishaianza. Leo nchi hizo zina ugonjwa huo kidogo sana, ila kwa watu walioachwa nyuma, kama wenyeji wa asili wa Australia, bado uko juu.

Kwa hesabu za WHO, watu wapatao milioni 55 duniani wana ugonjwa wa moyo unaotokana na homa hiyo, na karibu 360,000 wanakufa kila mwaka. Wengi wako nchi maskini, na wengi ni vijana. Mwaka 2018 nchi zote wanachama wa WHO zilipitisha azimio la kupambana nao. Azimio ni karatasi, lakini karatasi inasaidia pale unapodai dawa.

Na kazi kubwa ya karibuni imefanyika hapa hapa tulipo, Uganda, kaskazini, Gulu. Wakubwa wetu wanajua Gulu ni mahali gani. Zaidi ya watu milioni moja wa kaskazini waliishi kambini ndani ya nchi yao wenyewe wakati wa vita vya LRA. Utafiti uliitwa GOAL, kifupi cha maneno ya Kiacholi Gwoko Adunu pa Lutino, kulinda moyo wa mtoto. Watoto na vijana 102,200 walipimwa moyo kwa mashine ya kuonyesha picha. Wakapatikana ambao moyo umeanza kuharibika lakini wenyewe hawajisikii lolote. 818 ndio waliohesabiwa kwenye matokeo ya jaribio. Nusu walichomwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila wiki nne kwa miaka miwili, nusu waliangaliwa bila sindano. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Kwa waliochomwa, ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 3. Kwa wengine, 33.

Angalieni tofauti na Wyoming. Hapa haikujulikana bado kama sindano inasaidia moyo ulioanza kuharibika kimya kimya. Wazazi walielezwa, wakakubali au wakakataa. Swali likajibiwa kwa haki.

SISI TUFANYE NINI

Koo nyingi zinazouma ni za virusi, zinapona zenyewe, na penisilini haisaidii kitu. Mtoto mwenye kikohozi na kamasi mara nyingi ni virusi. Mwenye homa, koo linalomzuia kumeza, matezi ya shingo yaliyovimba yanauma, na hana kikohozi, huyo mpeleke kituo cha afya ndani ya siku zile tisa. Akipewa vidonge vya siku kumi, amalize siku kumi, hata akipona siku ya tatu. Ndugu yake akiumwa, asigawiwe nusu.

Kukata kilimi, wengine wanaita kimeo, hakumtoi huyu bakteria. Yeye amekaa kwenye koo lote, na unamwongezea kidonda. Naongea kwa heshima ya wazee wetu, walitafuta njia wakati hakuna nyingine. Sasa ipo.

Upele wa ngozi tusiuchekee. Mtoto anajikuna, ngozi inafunguka, streptokoko inaingia, na figo zinaweza kuumia. Mkojo ukiwa na rangi kama chai nyeusi na uso ukavimba asubuhi, usisubiri wiki.

Viungo vinavyohamahama maumivu baada ya koo, mwambie mhudumu habari yote, usitaje goti peke yake. Taja koo pia. Mara nyingi hilo koo ndilo linasahaulika, kwa sababu lilishapona.

Na ambaye tayari amepewa kadi ya sindano kila wiki tatu au nne, sisi marafiki tumsaidie asikose. Sindano inauma, njia ni ndefu, na kijana anajisikia mzima. Msindikize. Familia ikihamishwa zoni au ikirudi nyumbani, kadi ya sindano isafiri pamoja na karatasi za ugawaji.

Kwenu wa mashirika, historia inawaomba vitu viwili. Kwanza, penisilini ya muda mrefu isikosekane kwenye orodha ya dawa, ni dawa ya bei ndogo kuliko upasuaji wowote wa moyo. Pili, mnapochora nyumba na mabweni ya shule, mkumbuke vitanda vya Wyoming. Mita za chumba ni dawa. Familia ya watu tisa ikiomba karatasi ya pili ya plastiki kuongeza chumba, haiombi starehe.

Na sisi ambao plastiki ya pili haijafika, usiku wa leo tunaweza kufungua dirisha kidogo, na watoto walale mzungu wa nne. Haitoshi, lakini haigharimu kitu.

Naomba mwandike hapa chini: kwa lugha ya kwenu, ugonjwa huu wa viungo unaohama na moyo unaochoka mnauitaje? Kibembe, Kifuliiru, Kirundi, Kinyarwanda, Mashi, yote. Nikikusanya majina nitayapeleka kwa wenzetu wanaopita nyumba kwa nyumba, ili mama akilitamka kwa lugha yake, anayemsikiliza ajue anazungumzia nini.